Ushahidi wa Ulimi

Kazi yangu ni kuonja na kutema. Nina kijiko changu cha duara, kizito, ambacho nyumbani haruhusiwi mtu kukikorogea chai, na msimu wa mavuno ukianza, Machi hivi hadi Julai, nashinda nikivuta kahawa mdomoni kwa kelele ambayo mama mkwe wangu anaihesabu kuwa utovu wa adabu. Vikombe vitano kwa kila sampuli. Gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji. Kigali iko juu, mita 1,500 hivi, kwa hiyo maji yetu yanachemka yapata nyuzi 95 na hayahitaji kusubiriwa sana yapoe. Dakika nne zikipita unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikikaribia kuzama kikombeni, unaengua povu, unangoja, unaonja, unatema. Kikipoa unarudia, maana kahawa ya moto inaficha mambo.

Kwa nini vitano? Vitabu vya fani vinasema ni kupima kama vikombe vinafanana. Kwetu Rwanda sababu ina jina: kiazi. Vikombe vinne vinaweza kunukia maua na ganda la chungwa, cha tano kikanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Kasoro hii inahusishwa na mdudu aitwaye antestia, anayetoboa tunda likiwa bado mtini, na harufu yenyewe hutokana na kemikali za jamii ya pirazini. Punje moja inatosha kuharibu kikombe kizima, na kwa macho mara nyingi haina tofauti na jirani yake. Wanawake wanaochambua kahawa mezani, wenye vidole vyepesi na subira ambayo mimi sina, wanaipitisha bila kosa lao. Inakuja kukamatwa mdomoni.

Hapo ndipo swali lilipoanza kunikera. Ulimi unajua nini hasa? Si swali la mchezo kwa mtu anayelipwa kwa ajili yake. Tangu 2008, Rwanda ilipokuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya shindano la Cup of Excellence, wakulima wenye miti mia chache wameona namba iliyoandikwa na watu kama mimi ikigeuka kuwa fedha kwenye mnada. Na mimi ni Mkatoliki. Jumamosi naambiwa niuamini ulimi wangu hadi robo ya alama. Jumapili nasimama mbele ya kikombe ambacho imani inasema ulimi hauwezi kujua kilichomo.

Swali hilo lilikaa hivyo mpaka shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alipokuja likizo kutoka Dijon na chupa ya Gevrey-Chambertin ya mwaka 2015. Ni divai nyekundu ya Bourgogne, zabibu ya pinot noir tupu, kutoka kijiji kilicho kusini kidogo tu mwa mji anaoishi. Aliiweka mezani kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, "wewe unakula kwa ulimi wako. Niambie, hii ni nzuri au ni ghali tu?"

Tulikuwa nyumbani, Kinyinya, jioni. Niliiweka chupa kwenye friji kwa muda, kwa kuwa pinot inapenda nyuzi 15 au 16 na sebule yetu ilikuwa imepita hapo. Mwenzangu wa kazini, Hadji, mtu wa Nyamirambo, alikuwa amekuja kwa chai. Ndiye mwenye pua kali kuliko sote kazini. Chupa ilipofunguliwa alichukua kikombe chake cha chai akahamia kwenye kiti cha dirishani, bila maneno, kwa kuwa hakai meza moja na pombe, na sisi tunajua.

Mama mkwe akazuia glasi zisisogee. Desturi yake, na ya Rwanda nzima ya wakati wake, ni kwamba aliyeleta pombe anakunywa kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Shemeji akanywa. Akasubiriwa. Kisha mama akaonja kidogo na kuuliza imelala siku ngapi. Urwagwa wake yeye, wa ndizi mbivu na mtama wa kukaanga, siku tatu unatosha. Shemeji akamwambia ni zaidi ya miaka minane.

"Basi mlikuwa mmeisahau," mama akasema.

Zamu yangu. Rangi kwanza: si nzito, niliona vidole vyangu upande wa pili wa glasi, na ukingoni wekundu ulikuwa umeanza kuelekea tofali. Hiyo ni pinot na huo ni umri, hakuna la kushangaza. Puani kabla ya kuzungusha: forosadi zilizoiva mno, na nyuma yake ikinyomoro, lile tunda jekundu chachu la mti wa nyanya tunalonunua sokoni Kimironko. Baada ya kuzungusha: majani ya chai makavu, karafuu kidogo ya pipa, na kitu cha chini, cha unyevu, ambacho nilikuwa bado natafuta jina lake nilipopita karibu na dirisha. "Uyoga," Hadji akasema akiangalia nje. Ni kweli, ulikuwa uyoga. Mdomoni uchachu ulikuwa safi, unaoita mate bila kuchoma. Ukakasi laini, kama wa chai nzuri iliyotiwa kwa kipimo. Na ladha ilibaki muda mrefu baada ya kutema. Shemeji alifumba macho nilipotema.

Hakuna harufu ya kizibo kilichooza, hakuna siki. Nilimwambia: ni safi, iko hai, imetengenezwa na mtu makini, na bado ina miaka mbele yake. "Kwa hiyo inastahili bei yake?" Nikamwambia hilo halimo mdomoni mwangu.

Alidhani nakwepa. Lakini fikiria ninachokijua nimekijua vipi. Neno "cassis", lile tunda dogo jeusi, limejaa kwenye karatasi zetu za kahawa na kwenye vitabu vya Bourgogne, na mimi nilikua Bukavu, Kongo, ambako cassis haijapata kuota ukutani kwa mtu. Harufu yake nilijifunza kutoka kwenye kichupa, katika kasha la Le Nez du Café, lenye harufu 36 zilizofungwa ili waonjaji wa Addis, Bogotá na Kigali waseme jambo moja. Aliyelitunga, Jean Lenoir, ni mtu wa Bourgogne. Alianza na kasha la divai, la kahawa likafuata. Na kati ya hizo 36, moja ni kiazi. Kwa hiyo hata nilipokataa kikombe cha kahawa ya Nyamasheke, nilikikataa kwa kumbukumbu iliyopangwa na Mburgundi. Sioni aibu hapo. Kipimo cha pamoja lazima kitoke mahali fulani. Ila kinanionya kwamba ulimi haukuzaliwa ukijua. Ulifundishwa, na kilichofundishwa kinaweza pia kudanganywa.

Umekwisha kudanganywa. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa fani ya divai: walitia divai nyeupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kwa kicheko, eti yote ni uongo. Mimi naisoma tofauti. Macho yalifika mbele yakaupa ulimi majina, na ulimi ukayapokea. Ndiyo maana chumba chetu cha kuonjea kina sampuli zenye namba tu, bila jina la kilima wala la kituo cha kuoshea.

Bourgogne inafanya kinyume. Inauza jina la mahali. Mteremko wake umegawanywa katika vishamba 1,247 vyenye majina na mipaka, vinavyoitwa "climats", na UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Njia ya kupita punda inaweza kutenganisha chupa ya bei ya kawaida na chupa ya bei ya gari. Romanée-Conti haifiki hekta mbili, na mwaka 2018 chupa yake moja ya 1945 iliuzwa New York kwa dola 558,000. Walioanza kuchora mipaka hiyo kwa makini walikuwa watu wa sala: watawa wa Cîteaux, nyumba iliyoanzishwa 1098, ambao walizungushia ukuta shamba la Clos de Vougeot. Leo lina hekta 50 hivi na wamiliki zaidi ya 80. Ukuta mmoja, na waonjaji wanakuambia kwamba divai ya juu ya mteremko si sawa na ya chini kabisa, kwenye udongo mzito, karibu na barabara kuu. Mimi naamini. Nimeonja kahawa ya Red Bourbon ya vilima viwili vinavyotazamana kuvuka bonde moja, miti ya aina moja, na havikufanana.

Lakini kuamini kwamba mahali panaacha alama si sawa na kuisoma alama hiyo bila kuambiwa. Nyuma ya nyumba yetu kuna mlima uliowahi kuwa na milingoti ya Deutsche Welle. Kituo hicho kilirusha matangazo ya masafa mafupi kwa Afrika mpaka kilipofungwa Machi 2015, na sasa eneo hilo limepangiwa mji wa kijani. Utotoni Bukavu tulikaa kuizunguka redio ya baba kusikiliza idhaa ya Kiswahili kutoka Ujerumani. Hakuna aliyetuambia kwamba sauti nyingi za aina ile zilirushwa kutoka Kinyinya, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Tulisikia kila neno, wala sikio halikugundua mlima.

Na kuna kesi ya Rudy Kurniawan. Kwa miaka kadhaa aliwauzia matajiri wa Marekani divai za kale, nyingi za Bourgogne, alizozichanganya jikoni kwake. Wajuzi walizinywa na kuzisifu. Kilichomwangusha si ulimi. Mwaka 2008 zilipelekwa mnadani chupa za Clos Saint-Denis za nyumba ya Ponsot, za kati ya 1945 na 1971, na Laurent Ponsot akasafiri hadi New York kuzizuia, kwa kuwa familia yake ilianza kutoa divai ya shamba hilo miaka ya 1980. Tarehe ilifanya kazi ambayo vinywa vyote vilishindwa. Kurniawan alihukumiwa miaka kumi.

Kwa hiyo nikamwambia shemeji hivi: ulimi wangu ni mlinzi wa geti kwenye yale majumba ya Gacuriro. Anaweza kukuzuia usiingie, na akikuzuia ana sababu. Akikuruhusu, hajathibitisha wewe ni nani.

Wanafalsafa wamegombana hapa muda mrefu. David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anasimulia kisa alichokitoa kwa Cervantes: ndugu wawili wa Sancho Panza waliitwa kuonja pipa la divai. Mmoja akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Mwingine akasema ni nzuri, ila ina chuma. Wakachekwa. Pipa lilipokwisha, chini kulikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Hume anataka tuone kwamba walijua jambo la kweli. Lakini angalia walichokijua. Walijua kasoro. Kisa hakisemi kwamba ufunguo ulithibitisha uzuri wa ile divai. Uzuri waliutamka tu, na hakuna pipa linaloweza kumwagwa ili tuukute umelala chini. Kant naye, mwaka 1790, alichukua mfano wa divai ya visiwa vya Kanari: anayesema inapendeza inampasa akubali kuongeza kwamba inampendeza yeye. Watu wa kahawa wamechukua karne mbili na zaidi kumsikia. Karatasi yetu ya zamani ilikuwa na vipengele kumi vya alama kumi kumi, harufu, uchachu, uzito mdomoni, usafi na vingine, na 80 ndiyo kizingiti cha kahawa maalumu. Kueleza na kupenda vilijumlishwa pamoja. Miaka ya karibuni chama cha kimataifa cha kahawa maalumu kimevitenga: karatasi moja ya kusema kilichopo, nyingine ya kusema umekipenda kiasi gani. Wenzangu wengi wanalalamika kuwa ni kazi mara mbili. Mimi nilipumua.

Sasa kikombe cha Jumapili. Mtaguso wa nne wa Laterano, 1215, ulitamka kwamba mkate na divai hugeuka dhati yake, na Thomas wa Akwino akaeleza kwa urefu jinsi maumbo yanavyobaki: rangi, harufu, ladha, hata uwezo wa kulewesha. Kwa mwonjaji hili ni fundisho gumu. Linaniambia kwamba baada ya maneno ya kuhani ningeweza kupewa kikombe kile kwenye meza yangu, chenye namba tu, na ningeandika kwa uaminifu wote: divai. Na ningekuwa nimekosa dhati nzima ya kilichomo.

Kwa muda mrefu nililichukua hilo kama tusi dogo kwa kazi yangu. Kilichonibadilisha ni siki. Padri mmoja aliniletea chupa ya divai ya altare iliyokaa wazi kabatini, akitaka kujua kama imeharibika. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa inataka divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Nilinusa, nikaonja kwa kijiko, nikamwambia imekwisha kuwa siki. Akaimwaga. Hakubishana nami hata kidogo. Yule anayefundisha kwamba ulimi hauwezi kuiona siri ile alikubali kwamba ulimi unaweza kuifunga njia yake.

Nilikwenda kumsoma Thomas upya, na nikakuta amefika mbali kuliko nilivyotarajia. Siki, anasema, haiwezi kuwekwa wakfu, kwa sababu si divai tena. Zaidi ya hapo: hata baada ya kuwekwa wakfu, maumbo yakiharibika kiasi kwamba divai yenyewe isingebaki kuwa divai, basi uwepo wa Kristo ndani yake unakoma. Hilo lilinikalisha chini. Fumbo kubwa kuliko yote katika imani yangu limekubali kukaa mahali ambapo uchachu ukizidi, haliko tena. Ulimi haupewi neno la kuthibitisha. Neno la kukataa unapewa, na linaheshimiwa hadi altareni.

Ndiyo nadharia yangu, na nilimweleza shemeji yote hayo huku chupa ikishuka. Mume wangu alikuwa ameshasinzia. Aliyepinga alikuwa Hadji.

"Dada," akasema kutoka dirishani, "unasema ulimi una haki ya kukataa. Mimi nimekataa hiyo chupa, na ulimi sikuuhitaji."

Akatukumbusha kisa cha Makka. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyesimamia mji kwa niaba ya Wamamluki, aliwakusanya wanazuoni wajadili kahawa, iliyokuwa ngeni. Inasimuliwa kwamba mmoja barazani alisema inalevya kama divai, na watu wakaangua kicheko: amejuaje? Akaulizwa, akakiri kwamba divai ameinywa, akachapwa. Hadji anaipenda hadithi hii. Shahidi pekee mwenye ujuzi alikataliwa kwa njia aliyoupatia ujuzi wake.

Nikamjibu kwa Ghazali, nikijua ndiye anayemheshimu. Ghazali, aliyefariki 1111, wakati nyumba ya Cîteaux ingali changa, aliandika kwamba kujua tafsiri ya ulevi si kulewa, na kujua tafsiri ya afya si kuwa mzima. Kwamba njia ya Masufi, mwishoni mwake, haisomwi, inaonjwa. Basi, nikasema, hata dini yako inataka kuonja.

"Alionja nini?" Hadji akauliza. "Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu Baghdad, ana wanafunzi, ana jina, ana mshahara. Akaacha vyote akaondoka. Huko ndiko kuonja kwake. Hakuongeza kitu mdomoni."

Najua anakotoka. Mafakihi wanaruhusu mpishi aliyefunga aonje chakula kwa haja, mradi asimeze, na kazi yetu ingeweza kupita kwenye mlango huo. Hadji haupiti. Ramadhani anaomba zamu ya usiku, baada ya kufuturu, na mchana anapanga sampuli na kupima maji. Na anaapa kwamba pua yake haijawahi kuwa kali kama saa ile ya mwisho kabla ya magharibi, mdomo ukiwa mtupu, kahawa ya wengine ikivunjwa utando chumba cha pili. Anakijua kiazi kabla hatujakionja. Sina pa kukiweka hicho katika nadharia yangu. Mtu anayekataa kwa ulimi anategemea alichokutana nacho. Yeye anakataa kwanza, halafu anakutana na kitu kwa ukali ambao mimi niliye na kijiko mkononi sina. Bado nadhani padri anahitaji mtu wa kuonja ile siki. Lakini sithubutu tena kusema kwamba asiyeonja hana ushahidi.

Shemeji alitaka namba. Nilimjazia karatasi ya kueleza, mistari yote. Karatasi ya kupenda nilimpa mama mkwe, akasema urwagwa wake una nguvu zaidi, akaomba apewe chupa tupu ya kuwekea asali. Nilipomwomba Hadji ruhusa ya kuandika kwamba ndiye aliyeutambua uyoga, alikubali kwa sharti moja: niandike pia kwamba alisikia harufu ya moshi. Mimi moshi sikuupata, na chupa ilikuwa imekwisha.